Je, Wajua? Mikia ya Panya na Pato la Taifa

Je, wajua kwamba mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Ufaransa iliwalipa wakazi wa Hanoi, Vietnam, kwa kila mkia wa panya? Tauni ilikuwa inautishia mji, na mitaro mipya ya majitaka iliyochimbwa chini ya mtaa wa Wazungu ilikuwa imegeuka maskani ya panya. Vibarua waliotumwa humo waliua panya zaidi ya 20,000 katika siku moja ya mwezi Juni, lakini panya hawakuisha. Ndipo kila mtu akaruhusiwa kuwinda: lete mkia, chukua pesa.

Mikia ikamiminika. Haukupita muda mrefu, wakaguzi wakaanza kuona panya wazima wakikatiza barabarani bila mikia. Wawindaji walikuwa wanakata mkia na kumwachilia mnyama akazaane. Pembezoni mwa mji wakakutwa watu wanaofuga panya kabisa, na malipo yakasitishwa. Mimi siwalaumu wafugaji wale. Serikali ilitaka mji usio na panya, lakini ilichokuwa inanunua ni mikia.

Zaidi ya karne moja baadaye, benki ya Wells Fargo ya Marekani iliteleza palepale. Wafanyakazi walitakiwa kumuuzia kila mteja huduma nane. Mwaka 2016 benki hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 185, baada ya kubainika kwamba akaunti nyingi mno zilifunguliwa bila wenyewe kujua.

Kinyume chake ni Paul O'Neill, aliyeshika uongozi wa kampuni ya aluminiamu ya Alcoa mwaka 1987. Wawekezaji walitaka kusikia habari za faida, yeye akawaeleza kuhusu usalama wa wafanyakazi. Kila mtu alipoumia kazini, mkuu wa kitengo alipaswa kutoa taarifa ndani ya saa 24, pamoja na mpango wa kuzuia tukio hilo lisirudie. Ili ajue chanzo, ilimbidi aijue mitambo na awasikilize wanaoiendesha. Ajali zilipungua sana, na faida ikapanda mara kadhaa kabla hajaondoka.

Tatizo la vipimo halikomei kwenye miji na kampuni. Je, wajua kwamba Simon Kuznets, aliyeandaa hesabu za awali za pato la taifa la Marekani, alilionya Bunge la Seneti mwaka 1934 kwamba pato hilo halitoshi kuonyesha ustawi wa watu? Mama ntilie akipika wali maharage akauza, kazi yake imo kwenye hesabu. Akirudi nyumbani akawapikia wanawe, haimo. Septemba 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa kizio wa kukokotolea pato lake kutoka 2001 hadi 2009, na uchumi wake ukaongezeka kwa takriban asilimia 25 kwenye karatasi. Marekebisho yalikuwa halali, ila hakuna kaya iliyolala maskini ikaamka na unga zaidi.

Kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote hivi kimetumika hapa kwetu. Tanzania ilipofuta ada ya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Kenya ikafuata mwaka 2003, sifa zote zilikwenda kwa idadi ya walioandikishwa. Mwaka 2009 mradi wa Uwezo ulianza katika Kenya, Tanzania na Uganda ukiwa na swali jingine: watoto wanajifunza? Watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba, ili hata asiyesoma shule asiachwe, wakiwa na karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti za mwanzo zilionyesha kwamba takriban wawili kati ya kila watatu wa darasa la tatu walishindwa jaribio hilo. Ningependa namba hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule, juu ya ile ya walioandikishwa.