Majina ya Siku katika Kalenda ya Emacs

Kalenda iliyomo katika Emacs, programu ya kuhariri matini, huanza juma kwa Jumapili, na kichwa cha kila safu huwa herufi mbili za kwanza za jina la siku. Utaratibu huo wafaa Kiingereza. Katika Kiswahili siku tano zote huwa “Ju”, zikabaki “Al” na “Ij” tu kutambulikana.

Jambo hili si dogo kwa mtu wa Gwarama, katika Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012 na ambayo hupakana na Burundi. Kirundi huhesabu siku kuanzia Jumatatu. “Ku wa gatatu”, yaani siku ya tatu, ni Jumatano. Kiswahili huhesabu kuanzia Jumamosi, hivyo siku ya tatu ni Jumatatu. Miadi iliyoandikwa kwa tarakimu tu yaweza kukosewa kwa siku mbili.

Dawa yake ni vigeu vitatu. Kigeu calendar-week-start-day kipewe 6, ili juma lianze kwa Jumamosi. Katika calendar-day-name-array yaandikwe majina kamili ya Kiswahili, nayo shajara itayatambua. Kigeu calendar-day-header-array kipewe J2, J3, J4, J5, Al, Ij, J1. Orodha hizi mbili sharti zianze na Jumapili, hata kama juma laonyeshwa kuanzia Jumamosi. Hapo vifupisho na mpango wa safu hukubaliana: mosi, pili, tatu, kama majina yenyewe yasemavyo.