Shule ipi Kisangani mtoto atamalizia mwaka?

Septemba ikikaribia, mzazi wa Kisangani huuliza kwanza minervali, yaani ada ya shule, ni kiasi gani. Lenye uzito zaidi ni kama mtoto ataweza kumaliza mwaka shuleni hapo. Akihama katikati ya mwaka, mzazi analipa upya kumwandikisha na kuhangaikia buletini ya matokeo, na mtoto anakuta wenzake wako mbali.

Shule ya serikali. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, iliahidi masomo ya msingi bila malipo. Utekelezaji ulianza Septemba 2019. Deni la minervali halimtoi tena mtoto darasani. Lakini madarasa yalifurika, na walimu wamegoma mara kadhaa kwa ajili ya mishahara, kama mwaka 2021.

Shule ya kanisa. Kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977, serikali inalipa walimu, nayo makanisa ya Kikatoliki, Kiprotestanti na Kikimbangu yanasimamia shule zao. Hapa pia msingi ni bure, na sare ni ileile nyeupe na buluu, kwa hiyo kuhama kati ya aina hizi mbili hakudai nguo mpya. Uliza mapema: mtoto akianguka mtihani, anarudia darasa hapohapo au anaambiwa atafute pengine?

Shule ya binafsi. Darasa huwa dogo, lakini mzigo wote ni wa mzazi. Nyingi hutoza kwa dola. Franka ikishuka, minervali inapanda. Malipo yakichelewa mtoto anarudishwa nyumbani, na buletini inaweza kuzuiliwa mpaka deni liishe. Hapo kubaki hawezi, kuhama hawezi.

Usisahau njia. Mtoto wa Lubunga anayesoma Makiso anavuka mto kwa mtumbwi asubuhi na jioni. Nauli ndogo ya kila siku, ikijumlishwa kwa mwaka, inaweza kumeza faida ya shule ya bure. Tena, kuanzia darasa la 7 minervali inarudi hata kwenye shule za serikali na za kanisa.

Kwa familia ambayo mshahara wake hauna tarehe, shauri langu ni shule ya serikali au ya kanisa iliyo karibu na nyumbani. Ya binafsi ichaguliwe na mwenye uhakika wa fedha za mihula yote mitatu, si wa kwanza tu. Na kabla ya kulipa chochote, muulize direkta: mwaka jana darasa la 6 lilianza na watoto wangapi, na wangapi walifanya ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza msingi? Pengo likiwa kubwa, akueleze waliobaki nje walikwenda wapi. Akishindwa kueleza, endelea kutafuta.