Mlimani na Mtaani: Penzi la Upande Mmoja?

Wanakula kwetu, wanalala kwetu, wanapenda kwetu. Wakishavaa joho, hawatujui tena! Mhariri wenu, ambaye naye ni mtuhumiwa kwenye kesi hii, anafungua daftari la madeni.

Mpenzi msomaji, hebu panda daladala inayopita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam saa moja asubuhi. Siti ya mbele amekaa mama na ndoo yake ya maandazi. Nyuma yake kuna binti mwenye begi la kompyuta, masikioni kaweka muziki. Mlangoni amening'inia kijana wa fotokopi na rimu mbili za karatasi. Konda anauliza kama kuna mtu wa Utawala, nusu ya gari inashuka.

Wote hao wanategemeana. Binti atakula maandazi ya yule mama, na desa lake litatolewa kopi na yule kijana. Lakini waangalie vizuri. Hawasalimiani! Miaka mitatu wanakutana kila siku, na hakuna anayejua mwenzake anaitwa nani. Ingekuwa ni ndoa, tungesema hawa wanalala mzungu wa nne.

Hiyo ndo mada yetu mwezi huu. Tumeshaandika sana kuhusu wapenzi wasioelewana. Leo tuzungumzie uhusiano wa kilima kizima na mitaa inayokizunguka: Changanyikeni, Makongo, Msewe, Ubungo, Sinza, Mwenge na Mabibo.

Nani alimfuata nani?

Tuanze na historia kidogo, usichoke. Chuo kilianza Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakufika hata 20. Wakati huo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa.

Enzi hizo kupanda Mlimani ilikuwa kama kwenda safari. Sinza unayoijua leo, yenye baa kila kona, ilipimwa viwanja miaka ya 1970. Kwa hiyo chuo kilitangulia, jiji likakifuata. Watu walijenga karibu kwa sababu palipo na wanafunzi pana wateja.

Na si chuo cha mchezo. Pale alifundisha Walter Rodney, na pale ndipo alipokuwa wakati kitabu chake maarufu kuhusu Ulaya na Afrika kilipotoka mwaka 1972. Yoweri Museveni wa Uganda alisoma pale mwishoni mwa miaka ya 1960. Jakaya Kikwete alimaliza pale mwaka 1975, na John Magufuli alichukua pale shahada zake mpaka udaktari wa kemia. Ukumbi wa Nkrumah ulichorwa hadi kwenye noti ya shilingi 500, kabla sarafu haijashika nafasi yake kuanzia 2014. Yaani mama muuza maandazi kauhesabu ukumbi ule mfukoni kwake miaka nenda rudi, hata kama hajawahi kuingia ndani!

Nani anamlisha nani?

Ukiuliza kilimani, utaambiwa chuo ndicho kinachoulisha mtaa. Ukiuliza mtaani, utaambiwa mtaa ndo unaolea chuo. Mimi nasema wote wana haki, ila mtaa una haki zaidi kidogo.

Sababu ni vitanda. Wanafunzi ni makumi ya maelfu, na vitanda vya chuo havijawahi kutosha. Ndiyo maana kukawa na ule mtindo wa kubebana, wawili kitanda kimoja, mmoja ana jina kwenye orodha na mwingine ni mgeni wa kudumu. Hosteli za Mabibo zilisaidia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2017 zikafunguliwa hosteli za Magufuli, majengo 20 ya wanafunzi 3,840. Ni hatua kubwa, lakini piga hesabu mwenyewe uone wanaobaki. Hao wote mwenye nyumba wao ni mama fulani wa Changanyikeni au mzee fulani wa Msewe.

Na mtaa unafanya mengi kuliko kupangisha. Boom likichelewa, nani anakukopesha wali maharage? Ukiugua malaria wiki ya mitihani, nani anakuchemshia uji? Ukiogopa kudisko, nani anakuambia ukasome, achana na huyo mvulana? Ni yule mama mwenye nyumba ambaye wewe na wenzako mnamsema eti ana umbea.

Lakini na mtaa nao tusiuoshe sana, jamani. Ikifika Oktoba, chumba cha shilingi fulani kinapanda ghafla kwa sababu watoto wa mkopo wamekuja, na unadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Umeme wa chumba kimoja unalipiwa kama wa nyumba nzima. Tena wapo vijana wa mtaani wanaomhesabu mwanachuo kuwa ni simu na kompyuta inayotembea. Anayeumia zaidi kwenye biashara hii ni mpangaji wa kawaida, fundi cherehani au mlinzi, ambaye kodi ikipanda kwa ajili ya wanachuo na yeye inamkuta humohumo. Hana boom, na mwenye nyumba hamsubiri.

Halafu kuna Mlimani City, iliyofunguliwa 2006 kwenye ardhi ya chuo iliyokodishwa kwa kampuni ya Botswana. Wanachuo wanaenda kupoza joto, wenye pesa wanaenda kununua. Yule mama wa maandazi yeye yuko ng'ambo ya barabara, anaviziana na mgambo.

Mapenzi ya muhula

Sasa tuje kwenye uwanja wetu. Hakuna sehemu ambayo tofauti ya kilima na mtaa inaonekana kama kwenye mapenzi.

Kisa cha kwanza unakijua. Kijana katoka mkoani, kapanga geto Changanyikeni. Anampata binti wa hapo hapo, mtoto wa watu, anafanya kazi saluni au duka la vocha. Binti anapika, anafua, anamkopesha nauli. Kijana anaahidi kwamba akimaliza tu watakwenda kujitambulisha kwa wazee. Siku ya mahafali binti anasimama nyuma ya umati, na anatambulishwa kwa mama mkwe kama "dada wa jirani". Baada ya hapo simu haipatikani. Anayekuja kuolewa ni yule aliyesoma naye darasa moja.

Kisa cha pili kimegeuka. Binti wa chuo anapendwa na fundi magari wa Ubungo, kijana mwenye adabu na kazi yake. Anapokea zawadi na anapokea lifti, lakini mbele ya wenzake anasema ni fundi wa baba yake. Kwa nini? Kwa sababu hana digrii! Huku yule pedeshee mwenye mke na watoto, anayeegesha gari jioni nje ya hosteli, anatambulishwa bila aibu.

Sisemi kila mtu aolewe na jirani yake. Mapenzi hayalazimishwi, na watu wanaachana kwa sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba kama mtu ni wa kufaa kukufulia, kukulisha na kukukopesha, basi ni wa kufaa pia kuambiwa ukweli. Ukijua tangu mwanzo kwamba penzi lako ni la muhula mmoja, mwambie mwenzio naye apange maisha yake. Usimfanye binti wa watu daraja la kuvukia.

Deni langu

Na mimi si malaika. Mwaka wangu wa mwisho boom lilichelewa kwa wiki kadhaa. Pembeni ya njia ya kuingia Changanyikeni kulikuwa na mama ntilie, chini ya mwarobaini, mwenye daftari la mali kauli. Alitulisha wanne, kila siku, bila kutuuliza tunatoka ukoo gani. Pesa ilipoingia wenzangu walilipa. Mimi nilinunua viatu vya mahafali. Nikaondoka na deni la shilingi 14,000.

Nilirudi baada ya miaka, tayari nina kazi, na gari la mkopo. Nilidhani nitamkuta na maneno makali. Wapi! Alinipokea kama mtoto wake, akauliza kama nilifaulu na kama nina mtoto. Nikatoa pesa, nikazidisha. Akahesabu za deni tu, nyingine akanirudishia.

Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Kijana wake wa kiume alifeli kidato cha nne mwaka uleule niliomaliza mimi. Hesabu ndo zilimwangusha. Akasema wakati ule benchi lake lilikuwa linajaa wasomi kila jioni, wengine wa uhandisi kabisa, na kijana alikuwa palepale anaosha sahani. Hakuna hata mmoja aliyemwambia lete daftari lako nione. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbuka mvua ambayo haikunyesha.

Ile 14,000 nilikuwa nimeshailipa. Hili la kijana nitalilipa na nini?

Msomi ni wa nani?

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwatafutia wenzake. Akila asirudi na kitu, huyo ni msaliti. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa na makato yake, Mwalimu aliwarudisha makwao zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Lakini haki itendeke. Machi 1978 wanafunzi wa kilima hichohicho waliandamana kupinga mawaziri na wabunge kujiongezea marupurupu, na mamia wakafukuzwa. Wasomi wanaweza kusimama upande wa mtaa wakitaka. Tatizo ni kwamba kulisemea taifa ni rahisi kuliko kumsalimia jirani.

Na kuna hili la lugha. Taasisi iliyotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 iko pale pale kilimani. Lakini ukiondoa wanaosoma Kiswahili chenyewe, masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Matokeo yake msomi wetu anaweza kuandika kurasa 80 kuhusu umaskini wa mijini, lakini akimweleza mama mwenye nyumba utafiti wake anakwama kwenye sentensi ya pili. Kama huwezi kumweleza anayekupikia, kweli umeelewa?

Tufanyeje basi?

Hatuhitaji semina wala posho. Tuanze na haya madogo:

*Mwanachuo:* Jua majina ya watu watatu wanaokuhudumia. Salimia kwanza, agiza baadaye. Lipa deni kabla ya kununua joho. Na kila wiki toa saa moja kwa mtoto wa mwenye nyumba wako. Hesabu za kidato cha pili hazikushindi.

*Mwenye nyumba:* Kodi iwe ya haki Oktoba kama ilivyo Juni. Mwenye nyumba mwenye jina zuri hakosi mpangaji.

*Binti na kijana wa mtaani:* Digrii ya mwenzio si yako. Penda, lakini usiache kazi, shule wala akiba yako kwa ahadi ya mahafali.

*Wakubwa wa kilimani:* Mna walimu na wanafunzi wa kila fani. Kumtuma mwanafunzi wa mazoezi kusaidia shule ya jirani kusiwe zawadi, iwe sehemu ya masomo.

*Sisi tuliomaliza:* Tunajua tulimwacha nani na daftari wazi. Turudi.

Mimi nilirudi tena, safari hii nikiwa na kalamu. Yule mama sasa ana mjukuu wa darasa la sita, na siku ile alikuwa amekwama kwenye sehemu. Nami nimesomea mawasiliano, hesabu nilizikimbia zamani! Tulihangaika wote wawili hadi magharibi, tukapata tatu kati ya tano. Bibi yake akatuletea chai na maandazi.

Nilipouliza bei, akaniambia safari hii haandiki kwenye daftari.