Mwanao Atabuni Nini kwa Mradi wa Shule?

Kila muhula unapokaribia kati, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za kambi zetu. Aghalabu huulizwa usiku, baba akiwa amekwisha kuvua buti na mama anaosha vyombo: "Mwalimu ametaka kila mwanafunzi abuni kitu chenye manufaa. Mimi nibuni nini?" Hapo nyumba nzima hukaa kimya.

Tangu mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini hapa Uganda umewataka wanafunzi wafanye kazi ya mradi, na waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024 walikuwa wa kwanza kupimwa kwa mtaala huo. Katika kila alama 100, alama 20 hutokana na kazi ya shuleni badala ya mtihani wa mwisho. Basi wazazi wameingiwa na hofu, na hofu hiyo imezaa desturi mbaya. Kuna wanaompa fundi fedha atengeneze, kisha mtoto akabeba kichwani kitu asichokijua kilivyoungwa. Wengine hutazama jirani kafanya nini. Ndiyo maana darasa zima huleta sabuni ya maji na mazulia ya mlangoni.

Lawama hii siwatupii wazazi peke yao. Mimi nina cheti cha ualimu, na nilifundisha miaka kadhaa kabla ya kuhamia kazi ya ofisi. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi, "Fikirini kitu kipya," kisha naketi kusahihisha madaftari. Leo naona kwamba nilikuwa nikiwatuma kuteka maji bila kuwaonyesha kisima.

Mwaka jana nilimtembelea kaka yangu, ambaye ni sajini wa polisi. Binti yake wa kidato cha pili alipiga magoti akanisalimu, nami nikamwuliza habari za masomo.

"Shangazi, nitatengeneza sabuni ya maji."

"Kwa nini sabuni?"

"Kwa sababu wote wanatengeneza sabuni."

Kaka akadakia kwamba sabuni ni ya bure tu. Yeye amekwisha kuzungumza na seremala wa nje ya lango atengeneze kabati dogo la vitabu, kwani hapendi mtoto wa afande aaibike mbele za watu. Nilimwomba kaka anipe siku tatu. Binti nikampa sharti moja: katika siku hizo asitaje jina la kitu chochote cha kutengeneza. Aandike adha tu. Nani anasumbuka, wapi, saa ngapi, mara ngapi kwa siku, na anafanya hila gani ili apate nafuu.

Hila hizo ndizo hasa za kutafutwa. Tofali lililowekwa chini ya mguu wa meza, kitambaa kilichofungwa kwenye mkono wa sufuria, msumari unaoshika dirisha lisifunguke: kila moja yatuambia kwamba hapo mtu amechoka na jambo, akajitengenezea dawa yake nusunusu. Mwanafunzi aonapo hila kama hiyo, amekwisha kuona kazi yake.

Nilimsimulia habari ya Kitengela nchini Kenya. Upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi hauna ua, hivyo simba huvuka usiku wakala ng'ombe wa watu. Mvulana Richard Turere ndiye aliyekuwa na zamu ya kulinda ng'ombe wa baba yake. Kwanza alitumia moto. Moto ukawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Kisha akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walirudi walikotoka, lakini siku ya pili waling'amua kwamba yule hasogei, wakaua. Usiku mmoja akawa anazunguka zizi na tochi mkononi, na usiku ule simba hawakuja. Hapo akafahamu kwamba wanachokiogopa ni mwanga unaotembea. Akiwa na umri wa miaka 11 alichukua betri ya gari, paneli ya jua, kile kifaa cha pikipiki kinachofanya taa za indiketa ziwake na kuzimika, na balbu za tochi mbovu. Akazipanga taa kuzunguka zizi ziwake kwa kupokezana, kana kwamba kuna mtu anayepita. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kuyaeleza hayo. (Umeme alijifunza kwa kuifungua redio mpya ya mama yake, na adhabu ilikuwa karibu sana. Wazazi, fichieni redio zenu mahali pema, lakini zile mbovu waachieni.)

Siku ya tatu binti alileta daftari. Kwanza aliandika joto la mchana ndani ya yuniporti, zile nyumba za mabati ambazo wengi wetu tunazijua. Ni adha kubwa kweli, ila haikuwa ya muhula mmoja. Akaandika sabuni ya kufulia inayoanguka matopeni penye bomba. Na mwisho aliandika hivi: "Bibi hawezi kumimina maji."

Jerikani la lita 20 likijaa, maji yake pekee yana uzito wa kilo 20, na mdomo wake ni mwembamba, hauingizi kikombe. Bibi yake, ambaye ni mama yetu mzazi, ana maumivu ya viganja. Mtoto alipomkalia karibu siku ya Jumamosi akagundua jambo ambalo hakuna mtu mzima wa nyumba ile aliyelijua: siku za shule, bibi alikuwa hamezi dawa yake ya saa saba mpaka wajukuu warudi jioni wammiminie maji. Hakutaka kusumbua majirani. Kaka aliposikia hakusema neno kwa kitambo. Kisha akauliza, "Si tumwekee jagi tu?" Jagi likawekwa saa ile ile, na binti akaandika daftarini kwamba jagi latosha kwa dawa, halitoshi kwa kupika na kuoga.

Basi akaamua kutengeneza kitu cha kuinamishia jerikani. Lakini siku iliyofuata alinijia mnyonge: mwenzake amemwambia kwamba vitu vya namna hiyo vimekwisha kutengenezwa kwingineko, kwa hiyo si ubunifu. Hapo nikamkumbusha Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, akapofuka utotoni. Maandishi ya nukta za kupapasa hakuyaanzisha yeye. Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, aliyaleta katika shule ya vipofu mjini Paris alikosoma kijana huyo. Lakini herufi moja ya Barbier iliweza kuwa na nukta 12, na ncha ya kidole haikuweza kuzifunika kwa mguso mmoja. Braille alikuwa na kidole hicho, akaijua adha hiyo. Kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa amezipunguza hadi sita.

Binti alianza na kielelezo cha vijiti na jerikani dogo la lita tano, kwani kuharibu vijiti si hasara. Kisha akajenga kwa mbao za kreti. Kaka alikwenda kwa yule seremala, safari hii kuazima msumeno. Kitu cha kwanza kilianguka: mhimili, yaani ule mti ambao jerikani hugeukia, aliuweka chini kabisa, hivyo uzito wote ukaja mbele kwa mara moja na jikoni pakawa ziwa. Sajini alicheka mpaka akaketi. Mara ya pili aliupandisha mhimili hadi karibu na kati ya jerikani, pale uzito unapolingana pande zote, na miguu akaitanua. Bibi alisukuma kwa mkono mmoja, maji yakatoka, akaachilia, jerikani likarudi mahali pake. Akasukuma tena, bila ya kuwa na haja ya maji.

Mwalimu wake, nimeambiwa, alikaa muda mrefu zaidi kwenye daftari kuliko kwenye mbao, hasa ukurasa wenye mchoro wa kile kilichoanguka.

Sasa mama mmoja wa mstari wa pili ameomba atengenezewe cha namna ile. Jerikani lake ni la lita 10, kwa hiyo mhimili hautakuwa mahali pale pale. Binti amekwisha kwenda na rula.