Kupika bia nyumbani Lubumbashi: programu gani inafaa mbabula na bidoni ya litre 20?

Mtu anayetaka kupika bia yake mwenyewe mjini Lubumbashi hukutana na kazi ngumu kabla hata ya kuwasha makala. Kazi hiyo ni hesabu. Kimea kilo ngapi kwa bidoni moja? Maji litre ngapi, na yawe ya moto kiasi gani? Sukari gramu ngapi siku ya kutia bia ndani ya chupa?

Kuna programu za simu na kompyuta zinazojibu maswali hayo. Lakini zilitengenezwa na watu wa Marekani na Ulaya, wanaopika kwa gesi au umeme usiokatika na kununua kimea katika duka la jirani. Huku kwetu kimea cha shayiri na hopsi vinasafiri mbali. Hopsi za Afrika, ile ambayo Wafaransa huita houblon, hulimwa hasa karibu na mji wa George, Afrika Kusini. Mpaka mzigo upite Kasumbalesa na kufika mjini, kila kilo imekwisha kula pesa. Hesabu mbaya inamwaga pesa hizo chini. Hesabu mbaya zaidi inapasua chupa mkononi mwa mtu.

Mji wenye mazoea ya pombe

Kupika pombe si jambo geni Haut-Katanga. Kiwanda cha bia kipo mjini tangu miaka ya 1920, wakati Lubumbashi ilipoitwa Élisabethville. Leo Brasimba inatoa Simba na Tembo, majina ambayo kila mkaaji wa Kamalondo, Kenya au Katuba anayajua. Jina la Tembo lina utani ndani yake kwa anayejua Kiswahili cha pwani: kule tembo ni mnyama, na pia ni pombe ya mnazi.

Pembeni ya kiwanda, wamama wameendelea na kazi yao. Kuna kibuku cha mahindi na masaka, yaani mtama, na kuna munkoyo ambao hata watoto hunywa ukiwa bado mpya. Ndugu zetu wa Kivu wana kasiksi ya ndizi. Mama anayepika hivi vyote hana programu; hesabu yake iko katika jicho, ulimi na kiganja. Anayetaka bia ya shayiri, yenye povu na ndani ya chupa, hana urithi huo wa kutegemea. Hapo ndipo programu inapomsaidia.

Programu inahesabu nini?

Kazi kubwa ya programu ni kutabiri. Unaandika kimea gani umepata na kilo ngapi, hopsi gani na zitachemka dakika ngapi, na hamira ipi. Yenyewe inakuambia densite ya mwanzo, yaani uzito wa maji matamu ya kimea ukilinganisha na maji safi. Inakadiria pia uchungu, rangi na kiasi cha alkoholi.

Hesabu ya alkoholi si siri. Chukua densite ya mwanzo, toa densite ya mwisho, kisha zidisha kwa 131,25. Bia iliyoanza na 1,050 na kuishia 1,010 imeshuka kwa 0,040. Ukizidisha, unapata asilimia 5,25. Kwa hiyo mtu asiye na programu anaweza kujua nguvu ya bia yake kwa kalamu na karatasi, alimradi ana densimetri. Bila densimetri, programu ya bei yoyote ile inabaki kubahatisha. Kama pesa ni kidogo, nunua kwanza kioo hicho, programu ifuate.

Nne zinazojulikana

BeerSmith ilianzishwa na Mmarekani Brad Smith, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 2003. Inawekwa ndani ya kompyuta, na baada ya hapo unapiga hesabu bila intaneti. Ni ya kulipia, lakini inakuruhusu kujaribu siku 21 bure. Ina kurasa na vidude vingi, na anayeanza anaweza kuchoka mapema.

Brewtarget ni ya bure kabisa, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Inakaa ndani ya kompyuta ya Windows, Mac au Linux, na inafanya kazi bila mega hata moja. Imetafsiriwa pia kwa Kifaransa, jambo lenye faida kwa msomaji wa hapa. Sura yake ni ya kizamani kidogo, lakini hesabu za lazima zote zimo.

Brewfather inafunguka kwenye simu na kompyuta, na mapishi yako yanakufuata ukihama kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Sura yake ni safi. Sehemu ya bure ina mipaka. Anayetaka yote hulipa.

Brewer's Friend iko hasa mtandaoni. Vikokotoo vyake vingi viko wazi bure, hata kwa mtu asiyejiandikisha. Unaweza kuingia, kupiga hesabu ya sukari ya chupa, kisha ukatoka. Lakini siku mega zimekwisha katikati ya kupika, ukurasa haufunguki.

Kati ya hizi nne hakuna inayosema Kiswahili. Tena malipo ya zile za kulipia hufanywa mtandaoni, mara nyingi kwa kadi ya benki. Mwenye M-Pesa au Airtel Money peke yake ahakikishe njia ya kulipa kabla ya kuizoea programu.

Mji uko juu, maji yanachemka mapema

Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa karibu metre 1 200 juu ya bahari. Katika urefu huo maji hayafiki digrii 100. Yanachemka karibu na digrii 96. Anayepika maharagwe anaona tu kwamba yanachelewa kuiva. Anayepika bia anapoteza uchungu, kwa sababu hopsi hutoa uchungu wake kwa nguvu ya joto. Mapishi yaliyoandikwa na mtu wa pwani ya Ubelgiji, yakifuatwa gramu kwa gramu Kampemba, yanatoa bia tamu kuliko ilivyokusudiwa.

Kwa hiyo jambo la kutafuta katika programu ni sehemu ya kuandika mwinuko. BeerSmith inayo ndani ya maelezo ya vyombo. Ukiiandika, programu inapunguza makadirio ya uchungu, nawe unajua kama uongeze hopsi kidogo au uchemshe zaidi.

Jambo la pili ni mbabula. Programu hudhani moto wako ni ule ule saa nzima. Moto wa makala unapanda, unashuka, unapepewa, unapanda tena. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya bia ya kwanza, chemsha maji matupu saa moja ndani ya sufuria yako, juu ya mbabula yako. Pima yaliyoingia na yaliyobaki. Tofauti ndiyo mvuke wako wa saa moja; iandike ndani ya programu badala ya ile namba iliyowekwa na mtengenezaji. Programu isiyokuruhusu kubadilisha namba hiyo, iache.

Unga wa bukari si mahindi ya kwenye orodha

Kwa sababu shayiri ni ghali, wengi watafikiri kuchanganya mahindi. Wazo hilo ni zuri. Viwanda vingi duniani hutia mahindi au mchele ndani ya bia. Lakini hapa programu inaweza kudanganya bila kukusudia.

Orodha zake mara nyingi zina mahindi yaliyokwisha kupikwa kwa mvuke na kubanwa kiwandani. Hayo unayatia moja kwa moja pamoja na kimea, kwenye maji ya digrii 65 hivi, na wanga wake unageuka sukari. Unga wetu wa bukari ni mbichi. Wanga wa mahindi na wa masaka unataka joto kubwa zaidi kuliko ule wa shayiri ili ufunguke. Ukiutia mbichi ndani ya digrii 65, sehemu kubwa inabaki wanga. Programu itakuahidi densite ya 1,050, nawe upime 1,040 na kudhani kimea kilikuwa kibovu.

Njia yake ni kupika uji wa mahindi kwanza hadi uive vizuri, kuuacha upoe hadi joto la kimea, ndipo kuuchanganya. Kimea cha shayiri kina vimeng'enya vya kutosha kugeuza wanga wake na wa uji pia, ikiwa shayiri ndiyo nyingi. Kimea cha masaka kina nguvu ndogo upande huo, kwa hiyo anayetumia masaka peke yake asitegemee namba za programu hadi awe amepima mara kadhaa.

Programu nzuri inakuruhusu kuongeza kiungo chako mwenyewe, kukipa jina la Kiswahili, na kuandika kiasi cha sukari ulichopata kweli. Brewtarget na BeerSmith zote zinakubali hilo.

Juni si Oktoba

Usiku wa Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Mwezi wa Oktoba, mchana unapita digrii 30. Hamira za kawaida za bia hupenda digrii 18 hadi 22. Bidoni iliyowekwa ndani ya chumba kimoja katika miezi hiyo miwili itatoa bia mbili tofauti, hata kama mapishi ni yale yale. Programu inaweza kukuandikia ratiba ya joto, lakini haiwezi kupoza chumba. Beseni la maji na kitambaa kibichi juu ya bidoni husaidia Oktoba. Blanketi husaidia Julai.

Joto linaingia pia ndani ya hesabu ya sukari ya chupa, na hapa ndipo hatari ilipo. Bia iliyokaa kwenye baridi hubaki na gesi nyingi ndani yake. Iliyokaa kwenye joto hupoteza gesi. Kwa litre 20 za bia yenye povu la kawaida, ikiwa bia haikupita digrii 12, sukari inayotakiwa ni karibu gramu 100. Ikiwa ilifika digrii 26, ni karibu gramu 130. Kikokotoo kinapouliza joto, kinataka lile la juu kabisa ambalo bia ilifikia tangu hamira ilipomaliza kazi, si joto la asubuhi ya kutia chupani.

Lakini hesabu sahihi haitakuokoa kama hamira haijamaliza. Pima densite leo, pima tena baada ya siku mbili au tatu. Ikiwa inashuka bado, ngoja. Tumia chupa za bia za kioo kizito zisizo na ufa. Chupa nyembamba za divai au za maji hazikuundwa kwa gesi. Chupa inayopasuka inaweza kumtoa mtu jicho.

Tena, programu hizi si za lutuku. Kukereka pombe kali ni kazi nyingine yenye hatari zake za moto na sumu, na hakuna hesabu ya bia inayoifanya kuwa salama.

Na munkoyo je?

Munkoyo hauingii vizuri ndani ya programu hizi. Ndani yake, mizizi ya porini iliyopondwa ndiyo inayoyeyusha uji wa mahindi, kwa sababu mizizi hiyo ina vimeng'enya vyake. Uchachu wake unatoka pia kwa bakteria, si kwa hamira peke yake. Hakuna orodha ya BeerSmith yenye mizizi ya munkoyo, na hakuna hesabu ya uchungu inayouhusu.

Hata hivyo kila programu ina ukurasa wa maandishi: tarehe, uzito, saa, joto, ladha. Kijana anayekaa karibu na mama au shangazi anayepika, akamwomba ruhusa, akapima kilo zake na saa zake na kuziandika, atakuwa ameweka mahali kitu ambacho katika familia nyingi kimo kichwani mwa mtu mmoja tu. Mama huyo akifariki, hakuna duka la mtandaoni litakalokiuza.

Uchague vipi?

Mwenye kompyuta na mega kidogo aanze na Brewtarget: ni bure, inajua Kifaransa, na haihitaji mtandao. Mwenye simu tu ajaribu sehemu ya bure ya Brewfather. Anayepika mara moja kwa mwaka anatosheka na vikokotoo vya Brewer's Friend, akipiga hesabu jana yake na kuinakili kwenye karatasi. BeerSmith imfae yule anayepika kila mwezi na anayetaka kurekebisha kila kitu, kuanzia mwinuko hadi mvuke wa mbabula.

Yoyote utakayochukua, angalia kama inatoa mapishi kwa muundo wa BeerXML. Huo ni muundo unaosomwa na programu nyingi za bia. Siku kampuni ikipandisha bei au simu ikiibwa, nakala uliyoihifadhi kwingine itafunguka ndani ya programu nyingine. Na kwa kuwa umeme hukatika, andika namba za siku ya kupika ndani ya daftari pia. Daftari halihitaji kuchajiwa.