Umeme wa Mtoni na Umeme wa Transfoma

Katika Mto Kongo, ambako Wagenia wa Kisangani hutega madema yao makubwa kwenye maporomoko, yumo kambare wa umeme, aitwaye nina kwa Kilingala. Pigo lake huweza kufikia volti 350. Mkono hufa ganzi, nao watazamaji hucheka.

Vijana wapendao kurusha cheche kwa transfoma ya taa za neoni hudhani mambo ni yale yale, ati ampea zake ni chache. Wasidanganyike! Pigo la samaki hupita upesi kuliko kufumba na kufumbua, tena samaki huchoka. Transfoma hiyo huweza kutoa volti 15,000 na miliampea 30, wala haichoki. Mkono uliokaza hauachii, na moyo huweza kusimama. Gamba lake la chuma liunganishwe na ardhi. Kabla ya kugusa waya, chomoa plagi mwenyewe, uiweke mbele ya macho yako.