Saa Moja Asubuhi, Saa Moja Usiku

Tangu Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania, ikafuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, mengi yamesemwa kuhusu chumba cha upasuaji na machache mno kuhusu anayeuguza, yaani mke, mume, mama au dada anayempokea mgonjwa nyumbani na kuanza kazi isiyo na tarehe ya mwisho.

Kinga ya mwili huiona figo mpya kuwa kitu kigeni na kuishambulia, hata kama imetolewa na ndugu wa tumbo moja. Mapacha wa kufanana tu ndio walio salama na hatari hiyo, na ndiyo maana upandikizaji uliofanywa kati ya mapacha wa namna hiyo na daktari wa upasuaji Joseph Murray mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954 ulifaulu. Wengine wote huishi kwa dawa za kushusha kinga, hasa takrolimasi, iliyopatikana Japani mwaka 1984 kutokana na bakteria wa udongoni, ambayo kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12. Hapa hesabu ya saa ya Kiswahili humfaa sana anayeuguza, kwa kuwa kidonge cha saa moja asubuhi hufuatwa na kidonge cha saa moja usiku, na kila mapambazuko na kila magharibi humkumbusha wajibu wake.

Siku ya kliniki, hata hivyo, kanuni hiyo hugeuka. Mgonjwa hazuiwi kunywa chai, lakini kidonge cha asubuhi hakigusi mpaka damu itolewe, kwa sababu kinachopimwa ni kiasi cha dawa kilichosalia mwilini baada ya saa 12; akimeza mapema, kipimo kitapanda, na daktari aweza kupunguza dozi ambayo haikustahili kupunguzwa. Kwa hiyo yule yule aliyehimiza dawa kila asubuhi huondoka nyumbani akiwa amekihifadhi kidonge mkobani, hukaa nacho kwenye foleni, na hukitoa pamoja na chupa ya maji mara sindano inapochomolewa. Ni vigumu kuona kitendo kingine kinachodhihirisha kwa uwazi namna hiyo kwamba anayeuguza naye ni mtaalamu.

Utaalamu huo hutoka kwa muuguzi wa kliniki ya upandikizaji, ambaye maneno yake hukumbukwa jikoni kuliko ya daktari. Yeye ndiye anayefundisha kwamba balungi, tunda jema kwa wengine, huzuia mwili kuivunja takrolimasi na hivyo kuilimbikiza kwenye damu. Kwamba rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume na kuishusha mno. Na kwamba dikilofenaki ya dukani huumiza figo, kama ziwezavyo kufanya dawa za miti shamba zinazoletwa na jamaa kwa nia njema. Yeye pia ndiye anayesisitiza daftari la uzito, joto la mwili na shinikizo la damu, lijazwe kila siku.

Agizo lake gumu kuliko yote linahusu mlango. Katika miezi ya mwanzo, kinga ikiwa imeshushwa sana, mwenye mafua asimkaribie mgonjwa. Lakini kumjulia hali mgonjwa ni deni la ujirani, na anayemzuia shangazi aliyetoka mbali kwa basi huonekana ana kiburi. Anayeuguza hubeba lawama hiyo peke yake, na si haki.

Tena nyumba hiyo mara nyingi ina wagonjwa wawili, kwa kuwa ndugu aliyetoa figo naye ana mshono unaopona. Nani anamuuguza yeye? Na dawa ni za maisha yote ya figo hiyo: familia ikiishiwa fedha mwaka wa tatu, nani ataikamata saa moja ya usiku?

Kwa aliye na mgonjwa wa namna hii nyumbani sasa: homa inayofika nyuzi 38, mkojo uliopungua, au maumivu upande wa chini wa tumbo ilipowekwa figo mpya, visisubiri tarehe ya kliniki. Mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo.